Plasta ya Homoni na Udi wa Nuru

Jumatatu, 1 Septemba

Maziwa yameharibika tena. Nimeyatia kwenye chai ya Athmani, nikamwekea na mahamri, nikasimama kumtazama anywe. Akakunja uso, akameza, akaenda zake kazini Kilindini bila neno. Nimeonja baadaye. Siki tupu. Na paketi niliinusa kabla ya kumimina, Mungu shahidi yangu. Sikusikia kitu.

Mafukuto mara mbili ofisini kabla ya chai ya saa nne. Grace akanipepea na faili la mteja. Miaka hamsini na mbili, natoka jasho kama mchukuzi, na mbele ya madereva wa malori waliokuja kuchukua karatasi zao. Nachukia hali hii.

Jioni Nuru kaja na habari. Tarehe imekubaliwa pande zote mbili: nikaha Ijumaa, ishirini na moja Novemba. Nimepiga kigelegele peke yangu jikoni, jirani akaitikia dirishani bila kujua kisa. Binti yangu wa pekee! Nimefurahi mpaka nimeunguza vitunguu, na sikujua vimeungua mpaka nilipoona moshi.

Hapo ndipo nilipokumbuka udi.

Kwetu udi wa bi harusi hupikwa na mamake, kwa mkono wake. Sukari na unga wa udi unakadiria kwa macho. Lakini ambari, miski na halud, yale mafuta mazito ya udi, hutiwa kwa pua. Unatia, unanusa, unatia, mpaka pua iseme basi. Na bi harusi haruhusiwi kuunusa mpaka siku ya kufukizwa. Mkosi, alikuwa akisema mamangu, Mungu amrehemu. Kwa hiyo siwezi hata kumwomba Nuru aninusie.

Pua yangu imekufa. Ilianza kufifia hedhi ilipoanza kuruka miezi, mwaka wa tatu huu. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimechukua ruhusa kazini, nimepika. Udi hutaka kukaa koponi majuma mengi ndipo ukolee, na mimi sitaki kukimbizana na siku.

Nimepika kwa mkono, maana mkono unakumbuka. Mimi Mama Nuru nimepikia shughuli ngapi Mji wa Kale huu? Sukari imeyeyuka vizuri, unga umeshika. Nikaepua, nikaanza kutia halud. Nikanusa. Kimya. Nikatia tena. Kimya. Nikatia mpaka nikasikia kitu kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya kivuko. Nikasema alhamdulillah, nikafunika.

Wifi yangu Salma kapita nikiwa bado nakoroga. Dadake Athmani, nyumba ya tatu kutoka hapa. Kasimama mlangoni, ushungi puani, kasema mashallah, hakuingia. Kisha kanitajia ati mwanawe aweza kuleta udi mzuri kutoka Dubai, nisijichoshe. Nimemjibu vibaya. Nimemwambia mwanangu hafukizwi na udi wa sanduku mimi nikiwa hai. Kaondoka na uso wake.

Sijui kwa nini nina hasira hivi. Najua. Naogopa.

Jumamosi, 13 Septemba

Grace kanipeleka kwa daktari.

Tumekaa meza zinazotazamana mwaka wa tisa sasa. Yeye ni mtu wa bara, Mkristo, mwimbaji wa kwaya, na hana aibu hata chembe. Jumatano nililia chooni kwa sababu ya mashine ya chapa. Mashine! Akanifuata, akafungua blauzi upande, akanionyesha plasta tumboni. Homoni, asema. Anabandika tangu mwaka jana. Akaniuliza nasubiri nini, nipewe medali? Mficha uchi hazai. Nami kuzaa nimeshazaa, lakini hata kulala usingizi siwezi.

Daktari ni mwanamke mdogo, mpole, kanipima presha, matiti, kaniuliza maswali mengi kuhusu mamangu na ndugu zangu na saratani. Kaeleza hatari zake na faida zake. Mimi nikaeleza mafukuto, usingizi, hasira. Kisha, nikiwa nimeshashika kitasa cha mlango, nikamwambia na pua.

Kanirudisha kitini. Kasema homoni zikishuka, ngozi ya ndani ya pua nayo hukauka, na wapo wanawake wanaopotewa na harufu. Wengine wakianza dawa harufu hurudi. Wengine hurudi kwa namna nyingine, vitu vikanuka sivyo walivyovizoea. Wengine hawaoni tofauti yoyote. Kasema hawezi kuniahidi. Nimempenda kwa kutonidanganya.

Plasta mara mbili kwa juma, chini ya kitovu. Kidonge wakati wa kulala. Nimebandika ya kwanza. Ndogo, yang'aa. Mtu mzima mimi na kibandiko tumboni kama mzigo wa forodhani.

Jumanne, 23 Septemba

Nimelala mpaka adhana. Usingizi mzima, bila kubadilisha kanga iliyolowa. Nilisahau kama usingizi ni mtamu hivi.

Pua bado.

Asubuhi nimeikosa plasta. Nimetafuta shukani, bafuni, chini ya kitanda. Athmani karudi jioni, kavua shati, nayo hiyo mgongoni pake. Kashinda nayo bandarini kutwa. Ikabidi nimweleze dawa yenyewe. Kafikiri kidogo, kisha kaniuliza kama ataota matiti. Nimecheka mpaka nimeshika ukuta.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mkojo wa paka!

Natoka Marikiti na kikapu, nakata kichochoro cha nyuma ya msikiti, ghafla ukanipiga usoni. Mkali, mbichi, mchafu. Nimesimama. Nimeweka kikapu chini. Nimevuta pumzi kama nanusa waridi. Mzee mmoja anayeuza tambuu kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia sijambo, baba, sijapata kuwa sijambo kama leo.

Kutoka hapo nimetembea pole pole makusudi. Chokaa iliyolowa. Papa mkavu wa dukani kwa Bakari. Kahawa na tangawizi. Mtu kapita kajipaka mafuta ya nazi, nikamfuata hatua kadhaa kama kichaa. Mbele kidogo mwanamke anakaanga bajia, nimesikia bizari, kitunguu, na mafuta yanayotaka kubadilishwa. Vyote mbalimbali, kila kimoja na jina lake.

Nimenunua bajia na sikuzila. Nimezinusa tu mpaka zikapoa. Nimemfungulia Nuru mlango nikiwa nalia, kafikiri kuna msiba. Nimemwambia ni vitunguu. Mwanangu si mjinga, lakini kanipokea kikapu.

Jumapili, 5 Oktoba

Shati la Athmani kabla halijaingia ndoo. Vumbi la makontena, sabuni, jasho, na chini yake yeye mwenyewe, yule kijana aliyenichumbia. Miaka mitatu nalala na mtu asiye na harufu. Sikujua kuwa ndicho kitu nilichokuwa nakosa. Nilifikiri mapenzi yamechoka.

Kanifuma na shati usoni. Nimeona haya, kisha nikaona haya ya nini, mume wangu huyu. Nimemwambia. Kakaa kitandani, kaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli ananukia vizuri. Nimemwambia aje nihakikishe.

Yaliyobaki si ya kuandikwa.

Jumatano, 15 Oktoba

Sasa imezidi. Nasikia kila kitu. Mafuta ya Grace ya kujipaka yaniumiza kichwa, nimemwomba abadilishe, kanichekea na kubadilisha. Nimejua bosi kala samaki kabla hajafungua mlango. Mtaro wa nyuma, usiniulize. Maziwa nayajua yataharibika kesho.

Leo nimesema niuangalie udi wa Nuru. Nimefungua kopo.

Subhanallah. Nimekohoa, machozi yakanitoka. Halud juu ya halud. Miski ya kuangusha ngamia. Hata moto haujaonja, na chumba kizima kikawa hakikaliki. Hiki ndicho nilichotaka kumfukizia mwanangu siku yake?

Kisha likanijia jengine, nikakaa chini. Kama huu ndio niliopika nikiwa sina pua, ule wa Idi ulikuwaje? Na wa harusi ya bintiye Salma? Nimetafuta kopo la mwaka jana lililobaki kabatini. Nimefungua. Ule ule.

Nyumba ngapi nimepeleka udi huu kwa majivuno, Mola wangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimekwenda kwa Salma. Sikubisha hodi vizuri, nimeingia na hodi yangu. Sebuleni kwake kunafuka udi wa duka, laini, umekaa mahali pake. Makopo yangu yote yako juu ya kabati, yamejaa.

Nimemuuliza tangu lini. Katazama sakafu. Kasema tangu harusi ya bintiye. Walikuwa wakichukua kipande kidogo changu, wanachanganya na liwa nyingi, ule unga wa msandali, ndipo waweze kukaa chumbani. Mtaa mzima. Nimekumbuka jinsi chetezo changu cha makaa kilivyokuwa kikizunguka haraka kwenye shughuli, kila mtu akipitisha kwa mwenzake na mara kimesharudi mkononi kwangu. Mimi nilifikiri watu siku hizi wana haraka.

"Kwa nini hamkuniambia, wifi?"

"Tukwambieje, Mama Nuru? Wewe ndiwe uliyetufunza sote udi ni nini. Tulisema labda ndivyo upendavyo."

Adabu ya Mombasa itatuua. Ningekuwa napika ugali mbovu, wangeniambia siku ile ile. Lakini udi ni hishima ya mtu, huwezi kuikosoa. Nilitaka kukasirika. Badala yake nikamkumbuka Salma mlangoni na ushungi puani akisema mashallah, nikaanza kucheka. Naye akaanza. Tumecheka mpaka tukalala mkekani, wanawake wazima. Nimemwambia kila kitu, pua na plasta. Kanishika mkono muda mrefu. Kumbe naye mafukuto yameanza, alikuwa hasemi.

Furaha yangu imekatika njiani kurudi. Udi wa Nuru hauna budi kutupwa, na siku zimebaki chache.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimepika upya baada ya chakula cha mchana. Kazi bure.

Udi wenyewe sawa, liwa sawa, zafarani sawa. Nikafika kwenye ambari. Nimeinusa nikaikimbiza dirishani. Yanuka zizi. Ambari ya mamangu, niliyoipenda tangu mtoto, yanuka mnyama aliyelowa! Nimemwita Athmani, kanusa, kasema ni nzuri tu kama siku zote. Basi ni mimi.

Nimetia hivyo hivyo, kipimo nikikumbukacho. Nimechoma kipande. Nimetapika.

Daktari alisema yaweza kurudi kwa namna nyingine, nami sikusikiliza. Nimerudishiwa pua, lakini si ile niliyoipoteza. Nimeingia bafuni nikaishika plasta kwa ukucha. Nikaiinua pembe. Nikaona heri nirudi vile nilivyokuwa, udi upikwe na mwengine, kuliko kuchukia harufu ya mamangu.

Nimempigia daktari kwanza. Kaniambia nisichezee dawa, mwili bado unajipanga, na kama nataka kuacha nije tuiache pamoja kwa utaratibu. Sauti yake imenituliza. Nimeirudisha pembe, nimeikandamiza.

Salma kaniletea habari baada ya alasiri. Sanduku la Dubai limefika kwake. Aliliagiza siku ile ile niliyomtukana, akiba tu. Kasema liko, sina lazima.

Jumapili, 2 Novemba

Nimeamka na jambo moja kichwani. Mamangu naye alipika kwa pua yake. Hakupika kwa pua ya mamake. Nyanyangu alikuwa hatii zafarani kabisa, hilo nalijua, na mamangu alitia, na hakuna aliyemwambia si udi wa kwetu.

Basi nimepika kwa pua hii niliyo nayo.

Athmani kaenda kumtembelea nduguye Majengo, Nuru kwa fundi wa nguo. Nyumba yangu peke yangu, madirisha wazi. Liwa nimezidisha. Mawaridi, nimetia kwanza kidogo, pua ikasema ongeza. Ambari nimetia chembe tu, mpaka ule unyama ukawa joto, ukakaa chini ya mengine. Halud tone. Nikanusa. Tone. Nikanusa. Nikatoka barazani nikapumzisha pua kwa hewa, nikarudi. Pua ikasema basi.

Mkono haukutaka. Mkono umezoea zaidi. Nimeupiga kofi, wallahi, mkono wangu mwenyewe.

Si udi wa mamangu. Ukinusa huujui. Mimi naupenda mno, nimekaa nao mpaka adhuhuri, lakini sijui kama wengine wataupenda au watanipitishia chetezo tena kwa adabu zao. Nimemwambia Salma alete sanduku lake lote siku hiyo, alifiche chumbani. Kisha nikamkataza asiniambie neno, zuri wala baya. Sitaki mashallah ya mtu.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimechoka, miguu imevimba, lazima niandike.

Leo tumemfukiza Nuru. Wanawake wamejaa ghorofani, vikuba vya maua vifuani, asumini hata kwenye ngazi. Grace kaja na kanga mpya, kaifunga ovyo, wakamfunga vizuri. Nuru ametoka kusingwa, mwili umesuguliwa, ngozi yang'aa, nywele zimelowa. Kakalishwa kwenye kigoda. Nikatia makaa chetezoni. Nikaangusha koleo.

Nimeweka kipande cha kwanza. Moshi ukapanda.

Nimemtazama Salma. Katazama dari, mtu wa ahadi.

Nuru kafumba macho. Nimepitisha chetezo chini ya nywele zake, chini ya kanga, mbele na nyuma. Kavuta pumzi ndefu. Kisha kanishika kiwiko, kama alivyokuwa akinishika sokoni alipokuwa mdogo, kasema polepole, nisikie mimi peke yangu:

"Mama, huu ni wangu?"

"Wako, mwanangu."

"Usimpikie mwengine."

Nimempa chetezo wa kwanza kwenye mkeka, nikakaa ukutani, nikangojea kirudi.

Hakikurudi. Mke wa Bakari kakiingiza chini ya buibui, kakaa nacho. Jirani kamnyang'anya. Yule kampa dadake, dadake kafukiza nywele, mikono, mtandio, kisha mtandio upande wa pili. Mwanamke mmoja kagombana na mwenzake, ati keshapata zamu mbili. Grace kaambiwa akae juu yake kidogo tu, kakaa mpaka akatolewa. Nimeagiza makaa mengine mara ngapi sijui. Mpaka wanakwenda zao chetezo kilikuwa bado kwenye kona ya mbali, na mimi bado ukutani, nacheka na kulia kwa pamoja.

Salma hatimaye kafungua kinywa. Kasema sanduku la Dubai atampa bosi wangu, afukizie samaki wake.

Ijumaa, 21 Novemba

Ameolewa. Athmani kalia msikitini, wamenihadithia. Alhamdulillah.

Jumamosi, 29 Novemba

Fungate imekwisha. Nuru kaja leo na mumewe kutusalimu.

Wanaume wamekaa barazani. Yeye kanifuata jikoni. Nimemuuliza u hali gani, kasema njema. Nimemuuliza wanamtunza, kasema wanamtunza. Majibu ya bi harusi, yote namna moja, na mama hapati kitu humo. Nami usiku mzima nilikuwa nawaza.

Kisha kanikumbatia.

Nywele zake zina mafuta ambayo si yetu. Nguo imefuliwa kwa sabuni nyengine. Kwenye kanga kuna mdalasini, mavyaa wake, mama wa mumewe, hutia nyingi kwenye pilau, yaonekana anakaa naye jikoni. Begani kuna manukato ya kiume. Na juu ya yote udi, mbichi, wa leo asubuhi. Kaamka, kawasha makaa mwenyewe, kajifukiza. Mwanamke asiye na furaha hafanyi hivyo asubuhi ya Jumamosi.

Nimemshika kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida.

Mwanangu ananukia nyumba nyengine. Nimemwachia, nimempa mwiko akoroge mchuzi, nami nikaenda kuwapelekea wanaume maji.